Nilivyofunga DVD kwenye Wish yangu, na laki mbili na sabini zilizopotea njiani

Kila asubuhi nikiwasha gari, kuna mwanamke wa Kijapani hunisemesha. Sauti yake ya upole, kama ya nesi anayekuomba ukunje mkono wa shati. Wiki za mwanzo nilidhani ananisalimu, na binti yangu wa mwisho akazoea kumjibu kutoka kiti cha nyuma: "Salama, mama." Mpaka siku nilipompa lifti jamaa aliyewahi kufanya kazi na Wajapani kwenye ujenzi. Alicheka hadi akakohoa. "Hakusalimu huyo. Anakwambia hujaweka kadi." Kadi ya ETC, ile ambayo huko kwao hupachikwa garini ili ukifika penye barabara ya kulipia upite bila kusimama. Gari limevuka bahari, limeteremka Mombasa, limepita Malaba, limelipiwa ushuru URA, wakusanya kodi wetu wa Uganda, na bado linadai kadi ya barabara za Japani.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu gari la Japani huja na Japani yake ndani, na sehemu yenye Japani nyingi kuliko zote ni ile redio ya skrini katikati ya dashibodi. Injini haijali iko nchi gani. Redio inajali.

Langu ni Toyota Wish ya 2011. Nililinunua bondi, yaani yadi ya magari yaliyoingizwa kutoka nje, Nakawa, baada ya kuzunguka Jumamosi tatu. Niliangalia yote niliyoambiwa niangalie: injini ikiwa baridi, mafuta ya gia, matairi, namba ya chesi, na mwaka wa kutengenezwa, maana tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi. Redio niliibonyeza mara moja tu. Skrini ikawaka, ikatokea ramani ya mji nisioujua wenye mito miwili, nikaridhika. Kijana wa bondi akaniapia kwamba hata TV itashika nikiweka antena nzuri. Haitashika. Japani hurusha TV kwa mfumo wa ISDB-T, sisi tunatumia DVB-T2. Hata ukipanda na hiyo antena hadi kilele cha Rwenzori, utaona giza tu.

Kasoro niliigundua njiani kurudi Bombo siku ileile. Redio ya FM ya Japani huanzia 76, na kwenye magari ya umri wa langu huishia 90. Huku kwetu stesheni zimetawanyika kuanzia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo Kampala yote, pamoja na wingi wa stesheni zake, ilinibakizia kijipande cha chini: Sanyu kwenye 88.2, CBS kwenye 88.8 na 89.2, na nyingine chache. Mke wangu ni mtu wa Simba, 97.3. Aliizungusha ile redio kutoka Wandegeya hadi Kawempe, kisha akaniuliza kwa upole uliozidi, "Gari la pesa zote hizi halina redio?"

Nikaambiwa dawa ni ekspanda. Ni kidubwana kidogo, ukubwa wa kiberiti, kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kuteremsha namba za stesheni. Changu kilikuwa cha megahezi 12. Capital, ambayo ni 91.3, nikaipata kwenye 79.3, Simba ikateremka hadi 85.3. Mke wangu akaandika namba mpya kwenye karatasi akaibandika kando ya saa. Lakini ukitoa 12 kwenye 102 unafika 90, kwa hiyo kila kilicho juu ya 102 kilibaki nje. Na Galaxy, 100.2, iliangukia 88.2 hasa, mahali ambapo Sanyu imeshakaa na mawimbi yake yenye nguvu. Ukikaribia mjini zinaongea zote mbili kwa pamoja kama wake wenza. Shilingi elfu 40 ya kifaa, elfu 20 ya fundi.

Kama shida yako ni redio peke yake na huna haja ya video, ekspanda inatosha, ila uliza kwanza ni ya megahezi ngapi na upige hesabu ya stesheni zako ukiwa bado dukani. Mimi sikuuliza. Nilikuwa sijui kwamba kuna swali.

Miezi michache ikapita tukiishi hivyo, mpaka betri iliyokuja na gari ilipokufa. Nikanunua mpya, fundi wa makanika akafungua ya zamani, akapachika mpya, dakika kumi hazikufika. Nilipowasha, mama wa kadi aliongea kama kawaida, lakini skrini ilikuwa nyeupe yenye mistari miwili ya herufi za Kijapani na vitufe vya namba. Hakuna redio, hakuna ramani, hata CD niliyoiacha ndani haikutoka.

Hili naomba lisikike vizuri. Redio nyingi za Japani zenye ramani zina kufuli ya wizi. Ukikata umeme wa betri, ikirudi inadhani imeibwa: nyingine inadai namba ya siri aliyoiweka mwenye gari wa kwanza, nyingine inadai kadi ya ramani iliyokuja nayo. Mwenye namba yuko Osaka au wapi huko, na kadi kama ilichomolewa kabla gari halijafika kwako, imekwenda. Kwa hiyo ukiwa bado bondi, fungua uangalie kama kadi ya ramani ipo mahali pake. Na siku ya kubadili betri, tafuta fundi anayejua kushikilia umeme kwa betri ya pembeni wakati anabadilisha, bila kugusanisha nyaya. Pia usiogope herufi za Kijapani: chukua simu, fungua programu ya kutafsiri, elekeza kamera kwenye skrini. Mimi nilijua hilo baadaye, nikiwa nimeshalipa.

Nilimlipa nani? Duka moja mjini, kijana mwenye kompyuta mbili na maneno mengi. Laki moja, nusu kwanza. Alijaribu namba hii na ile huku akinihakikishia kwamba "hizi tunazifungua kila siku, bosi." Baada ya kukosea mara kadhaa skrini ikabadilika, ikakataa hata kupokea namba. Akasema sasa imekufa kabisa, lakini ana DVD mpya, yaani redio ya skrini inayocheza na video, nzuri kuliko hiyo, na kazi aliyoifanya imeshafanyika. Nikatoa nusu iliyobaki. Sijui kwa nini. Nadhani niliona aibu kubishana mbele ya wateja wengine.

Sasa wakati huo Idi ilikuwa inakaribia na tulipanga kwenda Arua kwa wakwe. Kutoka Bombo ni zaidi ya kilomita 400: Luweero, Nakasongola, Kafu, Karuma, Pakwach, Nebbi. Watoto watatu nyuma. Aliyewahi kusafiri na watoto watatu nyuma haulizi kwa nini nilitaka DVD.

Sikununua kwa yule kijana. Nilizunguka maduka mengine nikachukua DVD ya inchi 7, dabo-din (saizi ya redio yenye kimo mara mbili ya ile ya kawaida), yenye bluetooth, tundu la flashi na redio ya hadi 108, kwa laki tatu na elfu 80. Boksi limeandikwa wati 50 mara 4, yaani 200. Geuza nyuma uangalie fyuzi: ampea 10. Volti 12 mara ampea 10 ni wati 120, na sehemu ya hizo hupotea kuwa joto. Nani anadanganywa hapo? Haina ubaya, muziki unatosha, lakini usilipie nyongeza kwa sababu ya namba ya kwenye boksi.

Jambo la maana zaidi ni upana, ambalo halikuandikwa popote. Dabo-din ya kawaida ina upana wa milimita 178. Tundu la Toyota nyingi za Japani ni milimita 200. Kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita 11 kila upande, na kuna vibao vya plastiki vya kuziba, vinauzwa Kisekka, soko la vipuri Kampala, pamoja na soketi zake. Mwenye duka hakuniambia na mimi sikupima.

Fundi niliyempata alikuwa kwenye uchochoro, bei elfu 50, "nusu saa tu bosi, kaa pale unywe soda." Nikakaa. Hilo nalo ni kosa, na labda ndilo kubwa kuliko yote: nilikaa mahali nisipoona mikono yake. Niliposogea alikuwa ameshavuta redio ya zamani nje na, badala ya kuichomoa kwenye soketi yake, amekata. Koleo moja, nyaya zote. Soketi nyeupe ya Toyota ilikuwa chini, kwenye vumbi, na mikia ya nyaya ya rangi mbalimbali imetokeza kama ndevu za mahindi. Nikamuuliza, "Sasa utajuaje upi ni upi?" Akasema rangi zinajieleza.

Hazijielezi. Rangi za nyaya za DVD zina mpangilio wake: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni ya bodi ya gari, yaani hasi, nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kijani na zambarau za nyuma. Lakini Toyota upande wake wa gari ina mpangilio mwingine kabisa. Ukilinganisha rangi kwa rangi umepotea. Ndiyo sababu kuna soketi za kuunganishia, upande mmoja unaingia kwenye soketi ya gari, upande mwingine kwenye DVD, hakuna kukata. Elfu 30. Angeniambia elfu 30 ningetoa palepale.

Alichuna nyaya kwa meno. Akagusisha hii na ile, cheche ikaruka, akasema "ee, hii ndiyo yenyewe." Akasokota kwa vidole, akazungushia utepe mweusi. Zile nafasi za pembeni akazijaza kwa vipande vya katoni ya sabuni alivyovikata kwa wembe. Mpaka leo nakumbuka herufi mbili za bluu zilizokuwa zinachungulia upande wa kulia wa skrini. Akawasha. Picha ikatoka, muziki ukatoka, akanionyesha filamu ya veejay, yule mtafsiri anayesimulia juu ya filamu, ikicheza huku nyuma kuna sauti ya Kiganda inayomkejeli adui. Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi sana.

Halafu nikataka kuondoka, gia ikagoma kutoka P.

Nimekanyaga breki, nimevuta, haitoki. Nyuma yangu pikapu ya matunda inapiga honi, uchochoro ni wa gari moja. Jasho. Fundi akaanza kusema gari lilikuja na ugonjwa wake. Aliyeniokoa ni dereva wa hiyo pikapu. Alishuka kuja kunigombeza, akachungulia, akaingiza ncha ya ufunguo wake kwenye kitobo kidogo kando ya gia palipoandikwa SHIFT LOCK, akabonyeza, gia ikatoka. "Umeunguza fyuzi," akasema, akarudi kwenye matunda yake. Kumbe ile cheche ilikuwa imeunguza fyuzi ya umeme wa ufunguo, na kwenye gari langu fyuzi hiyohiyo inahudumia tundu la sigara, vioo vya pembeni na kufuli ya gia. Fyuzi mpya ilikuwa shilingi elfu 1. Kama una Toyota ya otomatiki, kabla hujafika popote leo, tafuta kitobo hicho kiko wapi.

Siku tatu zilizofuata niliendesha gari lenye sinema. Fundi alikuwa ameunganisha ule waya wa handibreki moja kwa moja kwenye bodi "ili bosi aone akiwa anakwenda." Kwa kawaida DVD hizi hazionyeshi video mbele mpaka handibreki iwe juu, na ni waya mmoja mwembamba unaoiambia iko juu. Ukiugusisha kwenye bodi, umeidanganya daima. Karibu kila fundi hufanya hivyo bila kuulizwa na wengi wetu tunaona ni huduma nzuri.

Jumatano jioni, foleni ya Kawempe ikiwa imelegea, filamu imefika penye utamu, veejay anapiga kelele, nikaangalia. Sekunde mbili pengine. Nilipoinua macho kulikuwa na boda mbele yangu, imesimama, na abiria wake ni mama mwenye mtoto mgongoni. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama na bampa likiwa karibu na taa ya nyuma ya boda kiasi kwamba yule dereva hakugeuka hata kugombeza. Yule mama hakujua lolote. Mtoto ndiye alikuwa ananitazama. Nilizima skrini, na sikumwambia mke wangu mpaka wiki mbili zilipopita.

Asubuhi ya Ijumaa gari halikuwaka. Jirani akaniazima umeme kwa nyaya, likawaka. Jumapili tena. Betri haikuwa na miezi miwili. Ndipo nilipompelekea mzee mmoja wa hapa Bombo, aliyestaafu jeshini, zamani alikuwa upande wa mawasiliano ya redio. Tangu utoto wetu tunampigia saluti ya utani. Watu humwita Afande tu. Anatengeneza redio kwenye baraza ya nyumba yake na hana kibao.

"Afande, betri mpya inakufa."

"Betri haifi, mwanangu. Inanyonywa. Lete tuone nani ananyonya."

Hakushika koleo. Alileta mita, akafungua terminali hasi ya betri, akaiweka mita katikati, akafunga milango yote akaniambia tusubiri gari lilale. Mita ikasoma 0.6. Akanifundisha hesabu palepale kwa chaki kwenye sakafu: ampea 0.6 mara saa 24 ni 14 na kitu. Betri yangu ni ya ampea-saa 45. Siku mbili zimekula zaidi ya nusu, na starta haiwezi kuzunguka kwa kilichobaki. Gari lililolala halitakiwi kuzidi 0.05. Kisha akachomoa fyuzi ya redio. Mita ikashuka hadi 0.02. "Umemwona?"

Alipoifungua dashibodi alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kwenye gazeti. Vipande vya katoni. Ekspanda yangu, bado iko kwenye antena, bado inateremsha stesheni kwa megahezi 12 kwenda kwa redio mpya isiyohitaji kabisa, ndiyo maana nilikuwa nikimpata Galaxy kwenye 88.2 na mke wangu amempoteza Simba kwa mara ya pili. Waya wa buluu, ambao kazi yake ni kuupa umeme ule mtambo wa kukuza mawimbi ya antena, ukining'inia bila kazi. Na ule wa njano na ule mwekundu vimesokotwa pamoja.

Maelezo yake sitayasahau. Wa njano, alisema, ni mlinzi wa usiku: halali, anashika saa na stesheni ulizohifadhi, lakini anakula kidogo sana. Mwekundu ni mfanyakazi wa mchana, anaamka ukigeuza ufunguo na kulala ukiuzima. Ukiwafunga pamoja kwenye umeme wa kudumu, mfanyakazi wa mchana naye hapati kulala, skrini inaweza kuonekana nyeusi lakini ndani watu wako macho. Ukiwafunga pamoja kwenye umeme wa ufunguo, mlinzi analala na kila asubuhi redio imesahau kila kitu. Kwa hiyo DVD yako ikisahau saa kila ukizima, au betri ikifa usiku, usinunue betri. Anza na hao wawili.

Kamera ya rivasi hakuweza kuiokoa. Kamera aliyoikuta Toyota imeweka hutumia volti 6. Yule fundi wa katoni aliipa 12. Akainusa tu, akaiweka kwenye gazeti na vingine. Elfu 60 ya nyingine ya dukani, ambayo inatumia 12 bila matata.

Kazi ilichukua saa nne na nilikaa nimetazama zote. Alinituma Kisekka nikaleta soketi ya kuunganishia na vile vibao vya pembeni. Soketi ya Toyota iliyokatwa, ambayo kwa bahati niliiokota siku ile nikaitupa kwenye buti, aliirudisha waya kwa waya, akichomelea kwa risasi na kuvisha kila kiungo kimpira cha kubana kwa joto. Kabla ya kuunga alipima kila waya mara tatu: ufunguo ukiwa umezimwa, ufunguo ukiwa umegeuzwa, na taa zikiwa zimewashwa. Elfu 80 alinitajia, nikataka kumwongeza, akakataa.

Tulibishana kwenye waya wa handibreki tu. Yeye alisema hataugusisha kwenye bodi hata nikimlipa mara mbili, na mimi, pamoja na ile sura ya mtoto wa Kawempe, nilikuwa bado najitetea kwamba watoto ndio wataangalia. "Watoto wako wanakaa wapi?" Nyuma. "Basi kwa nini sinema iko mbele?" Nyuma ya DVD kuna tundu la njano la kutolea video, akanionyesha. Unavuta waya chini ya zulia, unafunga skrini nyingine darini juu ya vichwa vyao, na hiyo haina habari na handibreki. Laki moja na elfu 70 ya skrini ya inchi 9. Mbele inabaki redio na saa. Ningejua hilo mwanzoni, hata DVD yenyewe ningechagua ya bei ndogo zaidi, maana skrini ya mbele nailipia bure.

Kuhusu CD zenyewe nitasema machache. Shemeji yetu alituletea katuni halisi kutoka Uingereza, ikakataliwa: Uingereza ni kanda namba 2 ya DVD, kama Japani, ila sisi Uganda tuko kanda 5. Kwenye DVD yangu kulikuwa na mahali pa kuondoa kizuizi cha kanda, mwenye duka akanionyesha, lakini mashine nyingine huruhusu kubadili mara tano tu kisha hujifunga, kwa hiyo usichezee ovyo. Wenye ile redio ya asili ya Japani wana kizingiti kingine: CD ya Uingereza kanda inalingana, lakini picha ni ya mfumo wa PAL na mashine ya Japani imezoea NTSC. Zile za kuchoma za kwenye vibanda kwa kawaida hazina kanda. Zinarukaruka tu barabara ikiwa mbovu, na vumbi la huku hulifumba jicho la leza mapema. Siku hizi naweka kila kitu kwenye flashi. Iwe imefomatiwa FAT32, na faili moja lisizidi gigabaiti 4, la sivyo DVD itakwambia haioni kitu.

Nilipiga hesabu kwenye lile gazeti la Afande. Ekspanda na fundi wake elfu 60, kijana wa namba za siri laki moja, DVD laki tatu na elfu 80, fundi wa katoni elfu 50, kamera elfu 60, soketi na vibao elfu 30, Afande elfu 80, skrini ya nyuma laki moja na elfu 70. Jumla laki tisa na elfu 30. Ningeanzia barazani kwake ningetumia laki sita na elfu 60. Mke wangu alisoma hesabu hiyo, hakusema kitu, akalikunja gazeti na kuliweka kwenye pochi yake. Ninajua litatoka siku nitakayokuwa na hoja nzuri.

Arua tulikwenda. Katuni zilianza tukitoka Bombo, na kabla ya Nakasongola watoto wote watatu walikuwa wamelala, skrini ikimchezea mtu asiyekuwepo. Mke wangu akaizima, akaweka redio. Simba ilikuwa kwenye 97.3, mahali pake, mpaka ilipoanza kufifia tukaachana nayo.

Mama wa kadi bado yupo. Kumbe hakuwa kwenye redio hata siku moja. Ana kisanduku chake mwenyewe chini ya dashibodi, karibu na goti la dereva. Afande alikiona, akashika soketi yake, akaniuliza amchomoe? Binti yangu alikuwa amesimama pale pembeni, akaanza kulia.